Vitambuzi vya watu: Njia ya kuzima taa zinazowaka bure majengoni

Na MWANDISHI WETU

OROFA nyingi za ofisi katikati ya jiji la Nairobi huendelea kuwaka taa hadi usiku wa manane, ilhali waliokuwa wakizitumia taa hizo walikwisha kurejea makwao tangu magharibi.

Hali ni iyo hiyo katika vyoo vya shule wakati wa mchana, katika ngazi za nyumba za kupangisha saa nane usiku, na katika maghala ambamo mtu huingia mara tatu tu kwa siku kuchukua mzigo.

Hakuna anayekusudia kuufuja umeme huo. Taa ya chumba cha watu wengi haina mwenyewe, na kila anayetoka hudhani kwamba mwenzake aliyebaki nyuma ndiye atakayeizima.

Anayeumia ni mlipaji wa bili. Mwenye nyumba huiongeza gharama hiyo katika kodi ya mpangaji, shule huitoa katika karo ya wazazi, nayo hospitali ya umma huilipa kwa fedha ambazo zingenunua dawa.

Wataalamu wa kawi wamekuwa wakipendekeza dawa moja ya tatizo hili kwa zaidi ya miongo mitatu. Dawa yenyewe ni kifaa kidogo kinachotambua iwapo kuna mtu chumbani, kikazima taa baada ya mtu huyo kuondoka. Mafundi wa stima hukiita sensa. Katika makala haya tutakiita kitambuzi.

Hata hivyo, kifaa hiki hakifai kila mahali. Kikiwekwa panapostahili hurudisha gharama yake katika muda wa miezi michache. Kikiwekwa ovyo huwakera watu, huhatarisha usalama wao, na wakati mwingine hutumia umeme unaokaribia kuwa sawa na ule kinaookoa.

Macho yanayoona joto

Kitambuzi kinachotumika zaidi ni kile kinachohisi joto. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo miale ya infraredi. Mwili wa binadamu hutoa miale hiyo kwa wingi, na ndiyo hupokewa na kitambuzi.

Ndani ya kifaa hicho mna vipande viwili vya madini maalumu ambayo hutoa umeme mdogo sana joto lake linapobadilika. Mbele yake huwekwa kifuniko cha plastiki chenye mistari na vijisehemu vingi.

Kifuniko hicho ni lenzi ya aina iliyobuniwa na mwanasayansi Mfaransa Augustin Fresnel katika karne ya 19 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Kazi yake ni kuligawa eneo la chumba katika vipande vingi kama vya pepeo lililofunuliwa.

Mtu anapotembea hutoka kipande kimoja na kuingia kingine. Joto lake hupita kwanza kwenye kipande kimoja cha madini, kisha kwenye cha pili, na tofauti hiyo ndiyo inayokiarifu kifaa kwamba kuna mtu.

Kutokana na maumbile hayo, kitambuzi cha joto kina tabia tatu ambazo mnunuzi hana budi kuzijua.

Kwanza, humwona kwa wepesi mtu anayekatiza mbele yake kuliko yule anayekijia moja kwa moja. Kwa hivyo, katika ujia, kifaa hufaa kuwekwa mahali ambapo wapitaji watakatiza njia ya macho yake.

Pili, hakioni kupitia ukuta wala kiambaza. Hata kioo cha kawaida cha dirisha huizuia miale hiyo ya joto. Ofisi iliyogawanywa kwa vioo yaweza kuonekana wazi kwa macho yetu, lakini kwa kitambuzi ni sawa na iliyogawanywa kwa matofali.

Tatu, huhisi mwendo wa joto, na mtu aliyetulia kabisa hakionyeshi mwendo wowote. Mwalimu anayesahihisha madaftari au mhasibu anayesoma hesabu kwa makini aweza kujikuta gizani, akalazimika kupunga mikono hewani ili taa ziwake tena.

Sauti isiyosikika

Aina ya pili hufanya kazi kama popo. Hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, kwa kawaida ya mitetemo kati ya 25,000 na 40,000 kwa sekunde. Sikio letu huishia kwenye mitetemo takriban 20,000.

Mawimbi hayo hugonga kuta, meza na watu, kisha hurudi. Yakigonga kitu kinachosogea hurudi yakiwa yamebadilika kidogo, kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mnamo 1842. Ni kanuni hiyo hiyo inayofanya sauti ya king'ora cha ambulensi ibadilike gari linapotupita.

Ubora wa aina hii ni kwamba sauti hujipinda na kuzunguka vizuizi. Katika vyoo vyenye vyumba vidogo vilivyotengwa kwa viambaza, kitambuzi cha joto kilichoko mlangoni hakimwoni aliyejifungia ndani, lakini kile cha sauti huweza kumtambua.

Ubaya wake ni kwamba huona hata visivyo watu. Pazia linalopeperuka, karatasi inayochezwa na upepo, au feni inayozunguka darini huweza kukidanganya kikaiacha taa ikiwaka.

Ipo pia aina ya tatu inayotumia mawimbi ya maikrowevu. Hii huhisi hata mwendo mdogo na huweza kufichwa nyuma ya kifuniko cha taa. Lakini kwa kuwa mawimbi yake hupenya kioo na kuta nyembamba, huweza kuwasha taa za chumba kitupu kwa sababu tu kuna mtu anayepita nje kwenye ujia.

Ili kuepuka kasoro hizi, baadhi ya watengenezaji huunganisha joto na sauti katika kifaa kimoja. Taa huwaka pale tu aina zote mbili zinapokubaliana kwamba kuna mtu, na haizimiki mradi moja kati yazo bado inamhisi. Vifaa hivi ni ghali zaidi, lakini hufaa madarasa, maktaba na kumbi za mikutano ambamo watu hukaa kwa utulivu.

Nani awashe, nani azime

Watu wengi hudhani kwamba sharti kitambuzi kiwashe taa na pia kuizima. Wataalamu hupendekeza vingine kwa vyumba vyenye madirisha.

Katika mpango wao, mtu akiingia huwasha taa mwenyewe kwa swichi ikiwa anaihitaji. Akiondoka, kifaa humzimia. Siri ya mpango huu ni kwamba anayeingia mchana chumbani mwenye mwanga wa jua mara nyingi hana haja ya taa, na asipoigusa swichi, hakuna umeme unaotumika.

Kwa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Nchi hii imekatizwa na ikweta, na jua huangaza kwa takriban saa 12 kila siku, mwaka mzima. Saa za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, zote zimo ndani ya mwanga huo.

Kwa hivyo, kifaa kinachowasha taa kila mtu anapoingia ofisini saa tano asubuhi chaweza kuongeza matumizi ya umeme badala ya kuyapunguza.

Suala jingine ni muda ambao kifaa husubiri kabla ya kuzima. Vingi huweza kurekebishwa kuanzia sekunde chache hadi dakika 30. Muda mfupi huokoa umeme zaidi lakini huongeza usumbufu. Muda mrefu huwaridhisha watu lakini hupunguza faida.

Kwa ofisi, dakika 10 hadi 15 huwa ni wastani unaokubalika. Kwa stoo ambamo mtu huchukua kitu na kutoka, dakika moja au mbili zinatosha.

Kiasi kinachookolewa

Wauzaji wengine hudai kwamba vifaa vyao hupunguza bili ya taa kwa asilimia 80 au zaidi. Tafiti zilizofanywa katika majengo yenye watu huonyesha picha tofauti.

Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia kuhusu udhibiti wa taa katika majengo ya biashara, na kuchapisha uchambuzi wao mwanzoni mwa muongo wa 2010. Waligundua kwamba vitambuzi vya watu hupunguza matumizi ya umeme wa taa kwa wastani wa asilimia 24.

Vifaa vinavyopunguza taa kulingana na mwanga wa jua viliokoa wastani wa asilimia 28. Mbinu mbalimbali zilipotumika pamoja, wastani ulifika asilimia 38.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2001, ulichunguza vyumba vya aina tano katika majengo 60. Ulipata kwamba kiasi kinachoweza kuokolewa ni kati ya asilimia 17 na 60, kutegemea aina ya chumba na muda wa kusubiri.

Vyoo vilikuwa miongoni mwa vilivyoongoza, kwa kuwa watu huingia na kutoka, na hakuna anayejiona kuwa na wajibu wa kuzima taa. Vyumba vya mapumziko vya wafanyakazi vilishika mkia.

Funzo ni wazi. Faida ya kitambuzi haitokani na ubora wa kifaa pekee. Hutokana na saa ambazo chumba hukaa kitupu huku taa zikiwaka. Pasipo saa hizo, hakuna cha kuokoa.

Hesabu ya choo na ngazi

Tuchukue mfano wa vyoo vya ofisi vyenye taa nne za mirija ya LED za wati 18 kila moja, yaani wati 72. Taa hizo huwaka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, saa 13 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Taa hizo zitatumia uniti 24 na ushei kwa mwezi. Kitambuzi kikizizima nusu ya muda huo, uniti 12 zitaokolewa. Tukichukulia kwamba kila uniti yagharimu Sh25, hizo ni takriban Sh300 kila mwezi.

Ikiwa kifaa na kazi ya fundi vitagharimu Sh3,000, fedha hizo zitarudi katika muda wa miezi 10. Ikiwa taa hizo ni za mirija ya zamani ya wati 36, akiba itakuwa maradufu na fedha zitarudi katika miezi mitano.

Mfano wa pili ni wa ngazi za nyumba ya kupangisha ya orofa tano, yenye balbu 20 za LED za wati tisa. Balbu hizo huwaka kwa saa 12 kila usiku. Tuseme kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri huwa hakuna anayepita, isipokuwa mmoja mmoja.

Kuzima taa kwa saa hizo sita kutaokoa uniti 32 kwa mwezi, sawa na takriban Sh800. Mwenye nyumba aweza kushawishika kununua balbu 20 zenye vitambuzi ndani yake kwa Sh1,000 kila moja.

Lakini kitambuzi chenyewe hutumia umeme mchana na usiku. Tukichukulia nusu wati kwa kila kimoja, vifaa 20 vitatumia uniti saba kwa mwezi. Akiba halisi itashuka hadi uniti 25, na gharama ya Sh20,000 itarudi baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu.

Fundi mwenye ujuzi angeweka kitambuzi kimoja katika kila orofa, kikadhibiti balbu zote nne za hapo. Vifaa vitano vya bei hiyo hiyo vitagharimu Sh5,000 na kutumia chini ya uniti mbili kwa mwezi. Fedha zitarudi baada ya takriban miezi saba, zikiongezewa malipo ya fundi na waya.

Bei na viwango hivi ni vya mfano tu, na msomaji ataweka vyake. Hata hivyo, kanuni haibadiliki: kadiri kitambuzi kimoja kinavyodhibiti taa nyingi, ndivyo faida inavyokua. Balbu moja ya wati tisa katika stoo ndogo ya nyumbani haistahili kununuliwa kitambuzi kwa nia ya kuokoa fedha.

Mahali panapofaa

Kwa mujibu wa hayo, mahali pa kwanza pa kuzingatia ni vyoo vya umma, vyumba vya mikutano, stoo, ngazi, ujia wa hoteli, maegesho ya magari ya chini ya ardhi na maghala.

Ofisi ya mtu mmoja hufaa pia, hasa ikiwa mwenyewe huondoka mara kwa mara kuhudhuria mikutano. Ofisi kubwa ya watu wengi haileti faida kubwa mchana, kwa sababu akibaki mtu mmoja tu taa zote huendelea kuwaka. Dawa yake ni kuigawa katika sehemu, kila sehemu na kitambuzi chake.

Nairobi kuna mfano unaoonekana wa matumizi haya. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri, zinazotumiwa na mashirika ya UNEP na UN-Habitat, zilifunguliwa rasmi Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon.

Jengo hilo lililokusudiwa wafanyakazi wapatao 1,200 lilisanifiwa ili lizalishe umeme wa jua wa kulitosheleza kwa mwaka. Paa lake lilitandazwa paneli za jua zenye ukubwa wa mita mraba 6,000.

Paneli hizo pekee zisingetosha. Wasanifu walianza kwa kupunguza mahitaji yenyewe. Waliingiza mwanga wa jua katikati ya jengo, wakaepuka mitambo ya kupoza hewa ofisini, na wakaweka taa zinazojirekebisha kulingana na mwanga uliopo na kuwepo kwa watu.

Somo linalotokana na jengo hilo ni kwamba wati isiyotumika ni rahisi kuliko wati inayozalishwa. Anayepanga kununua paneli za jua au jenereta kubwa zaidi angefaa kwanza kuzima kinachowaka bure.

Mahali pa hatari

Kuna mahali ambapo kitambuzi hakipaswi kuwekwa hata kama hesabu inavutia.

Karakana na viwanda vyenye mashine zinazozunguka ni mfano wa kwanza. Fundi aliyeinama kimya mbele ya msumeno wa umeme, kisha giza likamwangukia ghafla, aweza kupoteza vidole. Hali ni hiyo hiyo kwa vyumba vya upasuaji, vyumba vya kujifungulia na jikoni penye mafuta yanayochemka.

Taa za dharura zinazoonyesha njia ya kutokea wakati wa moto hazipaswi kamwe kuunganishwa na kitambuzi cha kuzima.

Katika ngazi na maegesho, afadhali taa zipunguzwe mwanga kuliko kuzimwa kabisa. Taa za LED huweza kushushwa hadi sehemu ndogo ya nguvu zake, kisha zikapanda mtu anapotokea. Mwanamke anayerejea nyumbani usiku hapaswi kuingia gizani akisubiri kifaa kimtambue.

Wazee, watu wenye ulemavu wa macho na wanaotumia viti vya magurudumu huenda polepole. Muda wa kusubiri katika ujia wanaoutumia hauna budi kurefushwa, na mbawa ya kitambuzi kielekezwe wanapoanzia safari, kabla hawajaifikia ngazi.

Joto la Pwani na kaskazini

Kasoro moja inayowahusu sana wakazi wa Mombasa, Garissa, Lodwar na Mandera haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya vifaa hivi.

Kitambuzi cha joto hutegemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la mazingira. Ngozi ya binadamu huwa na nyuzi takriban 33 au 34 za Selsiasi. Chumba chenye nyuzi 22 jijini Nairobi humfanya mtu aonekane wazi kama moto gizani.

Chumba cha bati chenye nyuzi 34 hulifuta umbo lake. Kifaa ambacho kingemwona mtu aliye mita nane huenda kisimwone hadi awe karibu zaidi. Katika sehemu kama hizo ni busara kutumia aina inayochanganya joto na mawimbi mengine, na kuvipanga vifaa karibu karibu zaidi.

Kadhalika, kifaa kisielekezwe kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana, mdomo wa mtambo wa kupoza hewa, au jiko. Hewa moto inayosogea hukidanganya kama vile mtu anavyokisogelea.

Waya na balbu

Mafundi wengi hukumbana na kizuizi kingine wanapofungua boksi la swichi ukutani. Vitambuzi vingi vya ukutani huhitaji waya wa nyutro ili vipate umeme wa kujiendesha, lakini majengo mengi yalifungwa waya wa moto tu kwenye swichi.

Vipo vifaa visivyohitaji nyutro. Hivi hupitisha umeme kidogo kupitia balbu yenyewe, na balbu za LED zenye wati chache huweza kumweta au kung'aa hafifu hata zikiwa zimezimwa. Suluhisho ni kukiweka kitambuzi darini, penye waya zote.

Aina ya balbu nayo ina maana. Mirija ya florisenti na balbu zake ndogo zilizosokotwa huharibika upesi zikiwashwa na kuzimwa mara nyingi. Kwa taa hizo, muda wa kusubiri usiwe chini ya dakika 15.

Taa za LED hazidhuriki kwa kuzimwa mara kwa mara. Hata hivyo, zinapowaka huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, na taa nyingi zikiwaka pamoja huweza kuunguza swichi ya ndani ya kitambuzi hafifu. Mnunuzi asome kiwango kilichoandikiwa taa za LED, ambacho mara nyingi huwa chini ya kile cha balbu za zamani.

Kabla ya kununua

Hatua ya kwanza haigharimu chochote ila daftari. Kwa muda wa wiki moja, mlinzi au mtunzaji wa jengo azunguke kila saa na kuandika vyumba vilivyo na taa bila mtu. Mwisho wa wiki, orodha hiyo itaonyesha palipo na ufujaji wa kweli.

Hatua ya pili ni kubadilisha balbu za kale kwa LED, ikiwa bado. Mpangilio huu una sababu: baada ya kubadilisha balbu, akiba inayobakia kwa kitambuzi hupungua, na hesabu ya kununua sharti ifanywe kwa wati mpya.

Hatua ya tatu ni kujaribu chumba kimoja au viwili kwa mwezi mzima, na kusikiliza malalamiko ya watumiaji. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Wafanyakazi waliozimiwa taa mara tatu kwa siku hukibandika kifaa gundi ya karatasi au humwomba fundi akiondoe, na fedha zote huwa zimepotea.

Aliyeweka kifaa hana budi kurudi baada ya wiki mbili kurekebisha muda wa kusubiri na wepesi wa kuhisi. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo hupuuzwa zaidi.

Wajibu wa sheria

Kenya ilionja uchungu wa uhaba wa umeme mwaka wa 2000, pale ukame ulipopunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana na serikali ikalazimika kugawa umeme kwa zamu. Tangu wakati huo, mvuke wa Olkaria, upepo na jua vimepunguza utegemezi wa mvua.

Lakini mahitaji nayo yamepanda, na kiwango cha juu kabisa cha matumizi kimepita megawati 2,000. Kilele hicho hufikiwa jioni, familia zinapowasha taa, pasi na televisheni kwa wakati mmoja. Jua limekwisha kutua na paneli hazitoi kitu. Kila ofisi tupu inayowaka taa saa hizo huongeza mzigo kwa mitambo.

Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka wa 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia umeme mwingi kufanya ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Usimamizi wa sekta hiyo uko mikononi mwa mamlaka ya EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019.

Shule ndogo, zahanati na wenye nyumba za kupangisha hawakufikia kiwango hicho cha matumizi, na hakuna mkaguzi atakayewabishia hodi. Kwao, msukumo ni bili ya mwisho wa mwezi.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Uniti 12 za choo kimoja ni haba. Katika shule yenye vyoo sita, ni Sh1,800 kila mwezi, fedha zinazoweza kununua vitabu. Aliye na jengo na aanze na daftari la mlinzi wiki hii, kabla hajakwenda dukani.